Mkono Uliokuwa Mfukoni

Nilipokuwa na miaka ishirini na kidogo, kazi yangu ilikuwa kuwaelezea watu filamu kwa mdomo. Mtaani tuliiita kutafsiri, na sisi tulioifanya tuliitwa madijei. Kulikuwa na banda la mabati kule Satellite, Nairobi, nyuma ya duka la makaa, lenye mabenchi ya mbao na televisheni moja juu ya meza ndefu. Mimi nilikaa pembeni na maikrofoni. Filamu ikisema Kiingereza au Kichina, mimi nasema Kiswahili juu yake. Adui akiingia, natangaza katoka wapi na ana kinyongo gani, hata kama filamu yenyewe haijasema. Mhusika akinyamaza, mimi sikunyamaza, kwa sababu dijei akikaa kimya kidogo tu, mtu alipiga mluzi na kuuliza kama stima imepotea.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na Kiingereza changu kilitosha. Tatizo halikuwa lugha. Hakuna dijei aliyekuwa na nafasi ya kuitazama filamu kabla ya kuitafsiri. Tuliiona pamoja na watazamaji, tukikimbia hatua moja mbele yao gizani.

Siku moja mwenye banda alirudi kutoka Kileleshwa na katoni ya kanda alizozipata kwa familia iliyokuwa ikihama nchi. Nyingi zilikuwa katuni. Moja haikuwa na jalada. Tulipoiweka, ikatokea picha nyeusi na nyeupe, mtaa wa nyumba zilizofanana, kila moja na nyasi zake mbele na ua mfupi wa mbao. Mwanamume wa makamo akatoka mlangoni, kofia kichwani, akambusu mke wake, akampungia binti yake mdogo mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye mfuko wa koti. Akaenda nao hivyo mpaka kwenye gari. Sauti ya kanda ilikuwa imeliwa, inakuja na kupotea. Nikautazama ule mkono, nikaamua.

"Wasee," nikasema, "huyu jamaa ako na bastola."

Banda lote likatulia. Sijawahi kuwashika watu namna ile. Alipokataa kupeana mkono na mkubwa wake wa kazi, nikasema anamlenga kupitia ndani ya koti. Alipokiacha kikombe cha chai mezani, nikasema kanusa sumu. Kila alipoingia chumbani nikawaambia leo ndiyo leo. Filamu ikaenda, ikaenda, ikafika mwisho wake, watu wawili wameketi mezani, na hakuna risasi hata moja iliyolia. Watu walisimama wakipiga mabenchi. "Bastola! Tunataka bastola!" Mwenye banda akalazimika kuwawekea filamu ya ngumi ili wasing'oe mabati.

Kaka yangu mkubwa alikuwa benchi la nyuma siku hiyo. Wakati ule ndiyo kwanza alikuwa ameanza kumwendesha kwa gari mama mmoja wa mtaa wa kitajiri wa Karen, kazi ambayo angeishika miaka yote hii. Hakunisamehe, au tuseme alikataa kuiacha furaha ile iishe. Nikienda kwake kula, aliuliza mbele ya mke wake na watoto, "Dijei, ile bastola ilipatikana?" Watoto wake wamekua wakiamini kwamba niliwahi kupoteza silaha ya serikali.

Mabanda ya filamu yalikufa watu walipopata simu zenye vioo vikubwa. Mimi nimefanya mengi tangu hapo. Nimeuza viatu, nimelinda mageti, nimepaka rangi nyumba za watu, na mahali popote nikikaa miaka mitatu miguu huanza kuwasha. Siku nisizo na kazi natembea. Napenda kwenda kuangalia mahali palipokuwa na kitu. Lile banda la Satellite sasa ni ghorofa la vyumba vya kupanga, na kwenye ngazi ya kwanza mama mmoja anauza ndizi.

Katika kutembea huko nilipita katikati ya jiji mwaka huu, nikaona karatasi imebandikwa ukutani kwenye mlango wa jengo la zamani. Ilitangaza filamu za kale, kila Jumamosi mchana, orofa ya tatu. Chini palikuwa na picha ya mtu mwenye kofia, mkono wake wa kulia mfukoni. Nilimtambua kama unavyomtambua mtu mliyesoma naye. Nikampigia kaka pale pale.

"Nimempata yule mtu wako wa bastola."

"Wapi?"

"Mjini. Jumamosi saa nane."

"Nakuja," akasema. "Nataka kukaa karibu nawe nikisikia ukiomba msamaha."

Ukumbi ulikuwa na viti kama sitini. Walikuwepo vijana wenye madaftari, wazee watatu wanne, na mama aliyekuja na thermosi yake. Kaka alifika amevaa shati lililopigwa pasi, kwa vile haji mjini ovyo. Kwenye kizingiti aligonga fremu ya mlango kwa bega. "Wanajenga milango ya watu wembamba," akasema. Nikacheka, tukaketi.

Sasa nataka kuisema filamu ile ilivyo, kwa sababu nina deni nayo.

Mtu yule ni mchora ramani za majengo. Ana nyumba nzuri, majirani wanamsalimu, na mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka. Basi. Hicho ndicho kisa chote. Lakini hakuna anayekisema. Kuanzia mwanzo hadi mwisho hakuna mdomo unaotaja mkono. Unaachiwa uone mwenyewe. Anaacha kunyoa, anafuga ndevu, na watu ofisini wanamsifu kwamba zinampendeza. Wewe peke yako ndiye uliyeona dakika iliyopita wembe ukikwaruza kioo. Anamnunulia binti yake viatu visivyo na kamba, mtoto anafurahi, na wewe unakumbuka kwamba asubuhi alipiga magoti mbele ya kamba za viatu vya zamani akakaa hapo muda mrefu mno. Anafika ofisini kabla ya wote ili apige mistari yake bila macho ya watu, rula imebanwa ubaoni kwa vibano.

Na kuna Jumamosi anayokata nyasi. Ile mashine ya kusukuma inatingisha mikono yake yote miwili, na kwa muda ule mikono yote miwili inafanana. Mtu yule anatabasamu. Kamera inamwacha aende hadi mwisho wa ua na kurudi, aende na kurudi. Katika banda letu nilisema hapo kwamba anatafuta mahali pa kuzika maiti. Safari hii niliiona mikono. Yule mwigizaji hakufanya lolote la kukulazimisha umhurumie. Alisukuma mashine tu. Nimeona watu wakilia kwenye filamu mpaka makamasi, wala sikuwaamini. Huyu nilimwamini kwa tabasamu.

Nilikuwa nimezama humo, nimesahau niko na nani, tulipofika kwenye sherehe ya ofisini. Wamemaliza jengo kubwa, mkubwa wake anasema maneno mazuri, ramani ya kwanza imetundikwa ukutani, na wanampa kalamu aitie sahihi mbele ya wote. Mke wake yuko pale. Wanapiga makofi. Anatazama kalamu. Kisha, polepole, anautoa mkono mfukoni.

Yule mama wa thermosi alishika mdomo.

"Ametoa bastola?" kaka akauliza, kwa sauti yake ya kawaida.

Msichana mmoja nyuma yetu aliangua kicheko. Mwingine akasema, "Mzee, tafadhali." Nami nilicheka, nikidhani kwamba alikuwa ameuweka mzaha ule tayari tangu nyumbani. Nikamgeukia nimpige kiwiko. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameinama mbele, shingo ndefu, akisogeza kichwa kidogo kushoto, kidogo kulia, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa.

"Si umeuona mkono?" nikamnong'oneza.

"Mkono gani? Mimi naona uso wake tu."

"Uko pale chini, kando. Unatetemeka."

"Unatetemeka?" akasema. Kisha, "Na siku zote umekuwa ukitetemeka?"

Hapo nikaelewa kwamba kwa saa nzima kaka yangu alikuwa ameiona filamu niliyomtafsiria zamani, ile ya bastola, kwa sababu hii nyingine ilikuwa ikipita pembeni, mahali ambapo macho yake hayakufika. Nikasogea sikioni mwake na kufanya kazi ambayo sikuwa nimeifanya kwa miaka ishirini. Nilimwambia yaliyokuwepo tu. Kalamu imeanguka. Ameiokota. Anaandika, mstari unakwenda ovyo. Watu hawajui watazame wapi. Yule msichana wa nyuma alitoa sauti ya kukereka mara moja, kisha akaacha.

Mwisho wake ni ule ule wa watu wawili mezani. Mke anamimina chai. Anaijaza nusu kikombe na kukisogeza kwa mume, naye anakinyanyua bila kumwaga. Kamera inakaa kwenye kikombe. Taa zikawaka.

Tulishuka hadi hoteli ya chini, tukaagiza chai na mahamri. Mwenye hoteli, mzee wa Kipwani mwenye kofia ya kufumwa, alitukaribisha vizuri na kutuacha. Nilimwuliza kaka macho yameanza lini.

"Mwaka jana, kabla ya mvua ndefu," kaka akasema. "Daktari alisema presha ya macho. Pembeni kumeliwa. Mbele naona sawa, ila ni kama nachungulia kwa mrija."

"Na gari?"

"Barabara iko mbele, dijei."

"Na boda boda? Na mtu akitoka kando?"

Kila siku ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kaka huwapeleka wajukuu wawili wa yule mama wa Karen, wasichana wa miaka saba na tisa. Hilo nililijua. Aliloniambia sasa ni kwamba wiki mbili nyuma, karibu na mzunguko wa barabara, mmoja wao alipiga kelele, "Anko, mtu!" naye akakanyaga breki bila kujua anamkwepa nani. Alikuwa mama mwenye kikapu cha sukuma wiki. Aliligonga boneti kwa kiganja, akatukana, akaenda zake. Wasichana walicheka. Kaka aliwafikisha shuleni, akaegesha chini ya mti na kukaa hapo mpaka mikono ikaacha kuwa baridi.

"Jumatatu huendeshi," nikasema.

"Nipe mwezi mmoja. Niweke mambo sawa."

"Kaka, hata siku moja."

"Ukimwambia shemeji yako, sina ndugu tena."

Yeye ndiye aliyenilipia kidato cha tatu na cha nne alipokuwa hana hata viatu viwili. Lakini akilini niliwaona wale wasichana kwenye kiti cha nyuma na nilijua kwamba Jumapili ikiisha bila yeye kusema, nitasema mimi.

Akakoroga chai iliyokuwa imekorogwa tayari. "Yule mke," akasema. "Alijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo, nafikiri. Nikikumbuka vizuri, hata kikombe cha kwanza kabisa alikijaza nusu. Mimi ndiye sikuona."

Uso wake ukafunguka. "Basi hata huyu wangu anajua."

"Unafikiri?"

"Anajua! Kile kigoda cha koridoni, amekiondoa. Taa ya choo haizimwi siku hizi. Chumvi ananiwekea hapa, karibu na mkono. Wanawake wanaona, dijei. Anangoja tu niseme." Alisimama kabla sijamaliza hamri langu. "Twende sasa hivi."

Shemeji yangu tulimkuta jikoni, kwao Satellite, akichambua maharagwe kwenye ungo. Kaka alivuta kiti, akaketi mbele yake, akamshika magoti yote mawili kama kijana aliyekuja kuposa.

"Mama watoto," akasema, "najua unajua."

"Najua nini?"

"Haya mambo yangu."

Mikono ya shemeji ikasimama juu ya ungo. "Mambo yako gani?"

"Si haya. Ulivyokuwa ukinivumilia bila kusema."

Shemeji aliuweka ungo chini taratibu sana. "Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke. Anakaa wapi? Karen huko?" Akanigeukia. "Na wewe shem, umekuja kumshikia mkono? Ulikuwa unajua?"

"Hakuna mwanamke," kaka akasema. "Ni macho!"

"Macho ya nani?"

Ilibidi aeleze yote, kuanzia kwa daktari. Alipofika kwenye kigoda, shemeji akasema kigoda kilivunjika mguu. Taa ya choo ilikuwa imekwama swichi, na amemwambia mara nne aitengeneze. Na chumvi? "Chumvi naweka karibu na wewe kwa sababu unaweka chumvi kwenye kila kitu kabla ya kuonja."

Naipenda ile filamu, na bado naiona kuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kutafsiri. Lakini jioni ile sisi wawili tuliingia nayo nyumbani kwa mtu tukitaka itusaidie kusema, na shemeji hakuwa ndani yake. Alikuwa kwake, na maharagwe yake, na mume aliyemficha jambo kwa zaidi ya mwaka.

Hakulia. Aliuliza swali moja. "Na hao watoto wa wenyewe, umekuwa ukiwabeba hivyo?"

Kaka akainamisha kichwa.

"Hivyo hivyo? Kila asubuhi?"

"Hivyo hivyo."

Aliinuka, akautoa ufunguo wa gari linalolala Karen kwenye msumari wake kando ya mlango, akaufunga kwenye pindo la leso. "Kesho tukitoka kanisani tunaenda," akasema. "Utasema wewe. Si mimi, si huyu ndugu yako." Akarudi kwenye maharagwe. Baadaye kidogo, bila kuinua uso, alimwuliza kama macho yanauma. Kaka akasema hayaumi. "Na ungeniambia ningekufanya nini?" akauliza, na hapo ndipo sauti yake ilipokatika.

Karen siku ya Jumapili imetulia, ndege ni wengi kuliko watu. Yule mama, ambaye sasa amepita miaka sabini, alitupokea barazani na kutupa viti. Kaka hakuketi. Alisimama na kusema yote kwa mpangilio, tarehe ya daktari, jina la ugonjwa, na yule mama wa sukuma. Hakuficha hata kelele ya mtoto. Nimemsikia kaka yangu akiongea maisha yangu yote, akitania, akiapa, akikopa maneno ya watu, na sijawahi kumwona mrefu kama alivyokuwa kwenye baraza lile.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Wasichana wangu walikuwa ndani ya gari," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Alitazama bustani. Hakusema kwamba si kitu, wala sikutaka aseme. "Leo nimekasirika, siwezi kukuahidi chochote," akasema. "Njoo Alhamisi tuongee. Umenibeba miaka mingi." Shemeji akafungua pindo la leso na kuuweka ufunguo mezani. Mama akamwita binti yake, mama yao wale wasichana, akamwambia aturudishe Satellite kwa gari.

Ni gari refu la zamani, la gia za mkono, ambalo kaka peke yake ndiye aliyelipenda. Alitangulia, akapita upande wa dereva na kushika mpini wa mlango. Binti wa mama alisimama nyuma yake, ufunguo mkononi, hajui afanye nini.

"Huku, baba watoto," shemeji akasema, na kumfungulia mlango wa nyuma.

Kaka alizunguka gari, vidole vyake vikipita juu ya paa, akaingia. Nikakaa mbele, kando ya yule binti aliyeshika usukani. Gari lilitoka getini likirukaruka, likashika barabara likinguruma kwa gia ya pili, nasi sote tukasikia injini ikilalamika. Nyuma yangu kaka alikuwa akipumua kwa pua. Alivumilia hadi kwenye kona ya kwanza.

"Gia ya tatu, madam," akasema kwa upole.

Akabadilisha. Injini ikashuka sauti.

"Sasa acha liende lenyewe," kaka akasema, akaegemeza kichwa kwenye kiti na kufumba macho.